Mama wa viraka na mipira iliyokwenda ziwani

Haya nimeyapata kwa Marceline mwenyewe, siku ya soko ya juma lililopita, nilipompelekea mpira wa baiskeli ya mjukuu wangu. Pale alipokuwa akinyamaza, mumewe Urbain ndiye aliyemalizia, na Marceline hakumkatiza ila mara moja au mbili.

Saa kumi na mbili asubuhi, kwenye barabara ya Kamina inayotoka kituo cha reli kwenda upande wa kambi ya jeshi, Marceline tayari ameinama juu ya beseni lake. Ameujaza mpira pumzi, sasa anauzamisha ndani ya maji na kuuzungusha polepole, kama mtu anayemwosha mtoto mchanga. Mwenye baiskeli amesimama pembeni na magunia yake ya makala, makaa ya kupikia. Ana haraka. Marceline hana.

Mapovu madogo yanapanda, moja nyuma ya lingine.

"Njo hapa," anasema, yaani ndipo hapa, na kuweka kidole. "Alikuwa anajificha."

Watu wa Kamina wanaiita kazi hii kwado, na mwenye kuifanya pia ni kwado. Makwado wengi ni wanaume. Marceline aliianza baada ya Urbain kuangukiwa na taruma kazini kwenye reli, mguu ukabaki wa kuburuta. Viraka vitatu vya baiskeli ni meka moja ya unga, kopo la kupimia. Ukiwa msimu wa makala, bukari, yaani ugali, haikosekani nyumbani.

"Pa mwanzo balikuwa banacheka," anasema. "Banauliza, bwana yako iko wapi? Minyi nawaambia, iko ndani, anapumuzika. Leta mupira. Mupira haijue kama mukono ni ya mwanaume ao ya mwanamuke."

"Nilikuwa ndani kweli," anasema Urbain, ameketi kwenye kiti chake cha kamba. "Lakini sikuwa napumuzika. Nilikuwa nasikiliza kama atashindwa anikuyie kuniomba musaada."

"Na nilikukuyia?"

"Hapana. Njo ile iliniuma kupita mguu."

Nyuma yao, kwenye ukuta wa mbao, imetundikwa mipira ya malori, ile ambayo madereva wameichoka wakamwachia. Katikati uko mmoja wa trekta, mkubwa hata mtoto anaweza kusimama ndani yake. Una viraka vya rangi tatu. Mwenye makala anauangalia.

"Mama, ile kubwa unauzisha?"

"Ile haiuzishwi. Ile iko na safari yayo."

Kuijua safari hiyo, lazima kwanza kujua kwao Marceline ni wapi. Na hilo si jambo rahisi, maana kwao hakukai mahali pamoja.

Marceline ni mtoto wa ziwa Kisale, kule chini ambako mto Lualaba unapanuka na kupotea ndani ya mafunjo. Mafunjo yale yanashikana mizizi, yanaoza, yanaota tena juu ya yale yaliyooza, mpaka yanakuwa kisiwa. Watu wanajenga juu yake, wanapika, wanazaa. Lakini chini yake ni maji matupu. Upepo mkubwa ukija, kisiwa kinaondoka na watu wake, na asubuhi wanaamka upande mwingine wa ziwa.

"Hapa Kamina mutu akikuuliza nyumba yako iko wapi, unaonyesha na kidole," anasema. "Kule kwetu unajibu: leo, ao jana?"

Kwa sababu hiyo watu wa kwao wana desturi yao ya jioni. Jua likishaingia, kabla ya kulala, kila nyumba inaita. Mtu mmoja anasimama mlangoni, anataja jina la nyumba, kisha majina ya wote wanaolala humo usiku ule, kisha anamaliza kwa Kiluba: *Tudi pano!* Tuko hapa. Nyumba ya jirani inaitikia, halafu inaita ya kwake, na kama kuna nyumba ya mbali isiyosikika, wa katikati wanayapokea maneno na kuyasukuma mbele. Nyumba isipoita, hakuna anayelala. Watu wanachukua mitumbwi.

Nyumba yao iliitwa ya Kabeya, jina la baba. Mwenye kuita alikuwa Marceline, kwa kuwa sauti yake ilikwenda mbali. Alipofika umri wa kujua kusoma, shangazi aliyeolewa na mtu wa reli alimchukua Kamina ili aingie shule. Mdogo wake, Noémie, alibaki na kazi ya kuita.

"Alisimama mu mutumbwi akinilia," anasema Marceline. "Nikamuambia, usilie, nitarudia mu likizo."

Likizo ile haikufika. Kulikuwa na kipindupindu ziwani, halafu kulikuwa na vita, halafu kulikuwa na watoto. Mama yao alipokufa, habari ilifika na wauza samaki wakati matanga yamekwisha. Kwa wauza samaki hao hao Noémie alikuwa akimtumia kapu la samaki wakavu mara moja moja, na Marceline akimrudishia sabuni na kitenge. Sauti haitumwi ndani ya kapu. Kule kwa Noémie simu haishiki.

"Maji yangu yalikuwa ya beseni tu," anasema. "Kila siku naangalia maji, kila siku ni hii."

Mwaka jana, kiangazi kilipoanza, alikuja kwake Mwalimu Isaïe, kiongozi wa kwaya ya Wamethodisti. Mwalimu alikuwa na simu mkononi na macho yanang'aa. Ndani ya simu kulikuwa na watu wa visiwa fulani vya mbali wamekaa ndani ya mipira mikubwa, juu ya maji ya buluu, wengi pamoja, wanacheka vichwa nyuma.

"Mama Marceline, unaona? Hii njo banaita vakansi. Shiye kwaya tunataka kufanya vile. Masomo imeisha, sauti zimechoka, tunaenda kupumuzika ku kisiwa kama bantu. Mipira iko kwako. Unatuazima kwa bei gani?"

Marceline aliangalia tena. Aliuliza kisiwa gani.

"Ku Kisale. Tunashika treni mupaka Bukama, halafu balinyere."

Marceline aliinuka, akaanza kuishusha mipira ya malori kutoka ukutani.

"Sitaki bei," alisema mwisho. "Nataka nafasi."

Urbain alikuwa kwenye kiti chake cha kamba siku ile pia, na alisikia kila kitu. Kesho yake alishika pampu kwa mguu wake ule mzima, akawa anajaza mipira ya malori mmoja mmoja, mkewe akiipitisha kwenye beseni. Walifanya vile juma zima. Marceline alipomuuliza kama amekasirika, alijibu kwamba mpira wa tatu unavuja karibu na ulimi wa kuingizia pumzi.

Siku ya kuondoka, kituoni, ndipo alipoitaja safari.

"Utarudia?"

"Weye unauliza nini? Nitarudia na hii treni ikirudia."

"Sawa," alisema Urbain. "Nimeuliza tu."

Walikuwa watu kumi na wawili. Mipira walikuwa wameikunja kama blanketi. Pamoja na wanakwaya alikuwemo Mireille, mke wa Likoke, askari wa kambini aliyetoka Equateur. Mireille anauza mikate na chai mbele ya lango la kambi, anaimba sauti ya pili, na amezaliwa kando ya mto mkubwa. Ukimwacha Marceline, ni yeye peke yake aliyejua kuogelea.

"Mwalimu," alisema treni ilipopita Kabondo-Dianda, "weye unajua kuogelea?"

"Mupira njo inaogelea. Minyi nakaa juu."

"Ee, mama! Tunaenda kuzika tenor ya kwaya."

Behewa zima lilicheka. Usiku walilala wamejibana, na Marceline akakoroma. Hilo yeye analikana hata leo, lakini nimeambiwa na zaidi ya mtu mmoja.

Kutoka Bukama waliteremka na balinyere, mashua ndefu ya mbao yenye injini, kufuata mto. Marceline alikaa mbele kabisa. Harufu ilimfikia kabla ya maji kupanuka: matope, moshi, samaki anayekaushwa. Aliomba kanga ya Mireille, akajifunika kichwa chote kama mtu mwenye baridi.

Walipokelewa kisiwani kwa mvuvi mmoja jina lake Florent, ambaye mwenye balinyere alifahamiana naye. Wangelala pale usiku mbili, halafu mashua ingewarudisha alfajiri ya siku ya tatu ili waikute treni. Ukiikosa hiyo, hakuna ajuaye nyingine itapita lini.

Marceline hakumaliza hata salamu.

"Papa Florent, nyumba ya Kabeya iko wapi?"

Florent alionyesha mafunjo ya mbali, upande jua linakotoka. "Mwezi iliyopita balikuwa karibu. Upepo ya kiangazi imewapeleka kule. Ni nusu siku na mutumbwi. Kesho saa ya muchana, nikishatoa nyavu, kama upepo haiyaamuka, nitakupeleka, tutarudia usiku. Ikishaamuka, hapana. Mu upepo hatukatake ziwa, hakuna anayevuka."

"Kesho," alisema Marceline.

"Kesho, kama unakuwa hapa kwangu jua likifika pa kichwa."

Jioni ile nyumba ziliita, lakini upepo ulikuwa umepiga upande mbaya, na kutoka mashariki hakikusikika kitu. Marceline alisimama mlangoni mpaka Florent akamwambia mama, mbu watakumaliza.

Asubuhi ilikuwa ya kwaya. Waliijaza mipira kwa zamu, wakaiteremsha nyuma ya kisiwa, mahali ambapo Florent aliwaambia viboko hawafiki. Mwalimu Isaïe aliwapanga kwa sauti: wa kwanza hapa, wa pili hapa, besi wakae pamoja wasitupoteze. Mipira ilifungwa kamba mmoja kwa mwingine, ikawa duara moja kubwa jeusi, miguu yote ikiwa katikati.

"Na kamba ya mwisho?" aliuliza mwalimu. "Tufunge wapi, tusiende na maji?"

Marceline aliichukua. Palikuwa na fungu la mafunjo karibu, nene, refu, na mti mdogo umeota katikati yake, na ndege wameketi juu ya mti. Alifunga pale. Alifunga fundo zuri, la baba yake.

Hapo ndipo alipokosea. Mtoto wa miaka mitano wa kule asingekosea. Kabla ya kufunga kamba ziwani, unakanyaga kwanza. Ukikanyaga na panatetemeka, hapo si mahali, ni msafiri kama wewe. Unafunga kwenye nguzo ya nyumba, ile iliyopigwa mpaka ndani ya matope.

"Mukono ilikumbuka kufunga," anasema Marceline. "Kichwa haikukumbuka kuuliza. Nimekaa miaka mingi juu ya udongo. Nikaona muti, nikaona ndege, nikasema: hii ni inchi kavu."

Waliimba. Wanasema hawajawahi kuimba vile kanisani. Maji yalikuwa vuguvugu, jua halijawa kali, na Mwalimu Isaïe, aliyeingia akiomba Mungu kwa sauti, alikuwa sasa anapiga kipimo kwa vidole vya miguu. Marceline aliweka kichwa nyuma juu ya mpira, masikio ndani ya maji, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni alisikia ziwa kwa ndani. Lina mlio wake. Hakuweza kunielezea. Aliendelea kupaka gundi kwenye kiraka.

Upepo ulianza kidogo. Hakuna aliyeujali, kwa kuwa lile fungu la mafunjo lilikuwa pale pale, na mti wake, na ndege wake.

"Mwalimu," alisema Mireille, "ile moshi ya kwa Papa Florent inatembea."

"Moshi ni ya kutembea, mama. Ni upepo."

"Hapana. Ilikuwa pa mugongo yangu. Sasa iko pa bega."

Marceline aliinua kichwa. Alitazama moshi, kisha akatazama fundo lake.

"Si moshi," alisema. "Shiye njo tunatembea."

Wimbo ulikatika vipande, soprano mwisho. Mmoja alianza kulia. Mireille alitaka kuruka aogelee mpaka nyumbani kwa Florent. Marceline alimshika mguu.

"Usitoke! Ile njia ni ya viboko. Bantu bote babaki mu mipira. Mushikane mikono."

"Halafu?" aliuliza Mwalimu Isaïe. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mwanafunzi. "Halafu, mama?"

Kulikuwa na njia moja. Ziwani, wito wa jioni ukisikika mchana, maana yake kuna watu wamepotea, na wote wanatoka. Lakini lazima uite jina la nyumba. Hakuwa na nyumba ile tena, alikuwa na kibanda cha kwado huko Kamina. Alikohoa, akaweka mikono mdomoni.

"*Ba Kabeya!*" aliita. "*Tudi pano!*"

Mara ya kwanza sauti ilitoka imekauka. Ya pili ilitoka vizuri. Ya tatu, Mireille anasema, hata ndege waliondoka kwenye mti.

Walizungukwa na mitumbwi kabla hawajafika kwenye njia ya viboko. Florent alikuwa wa mbele, amekunja uso.

"Nani ameita Kabeya? Kabeya haiko upande huu."

"Njo minyi," alisema Marceline.

Florent aliangalia lile fundo juu ya mafunjo, akamwangalia yeye. Hakucheka. Angecheka, anasema Marceline, ingekuwa nafuu.

Kuwavuta watu kumi na wawili dhidi ya upepo kulichukua mchana wote. Jua lilifika pa kichwa na kupita wakiwa bado majini. Walipokanyaga kwa Florent, ziwa lilikuwa na mawimbi meupe hadi mashariki. Marceline alisimama ukingoni na kanga yake imelowa. Florent alikuja akasimama kando.

"Mama, nilikuambia. Mu upepo hatukatake."

"Najua."

"Na kesho alfajiri ni balinyere."

"Papa Florent, najua."

Mwalimu Isaïe alikuja kuomba msamaha, akasema kosa ni lake na simu yake. Marceline alimwambia aende akale. Yeye hakula.

Jua lilipoingia, upepo ulilala, kama unavyofanya kule, ghafla. Mtoto wa Florent alisimama mlangoni akataja majina ya nyumba yao, na kwa adabu akaongeza: na kwaya ya Kamina. Nyumba ya pili iliitikia. Ya tatu. Kisha, kutoka mashariki, maneno yakaanza kuja, yakipokelewa mdomo kwa mdomo, mpaka yakafika kwa jirani wa Florent, mzee mwenye sauti ya kukwaruza.

"*Ba Kabeya!* Noémie iko. Bwana yake iko. Batoto bane beko. Na Marceline, wa Kamina. *Tudi pano!*"

Marceline alishika nguzo ya nyumba.

"Banasema nini?" alinong'ona Mireille. "Nani amewaambia kama uko hapa?"

"Hakuna," alisema Florent. "Banaitaka vile siku zote. Tangu minyi mutoto, Kabeya banamalizaka vile. Na Marceline, wa Kamina. Mama yabo njo alianzisha, dada akaendelea. Tunawachekaka. Unahesabu mutu haiko mu nyumba?"

Mwaka ule Marceline alipoolewa, mwaka wa vita, mwaka aliopata mtoto wa mwisho, mwaka aliposhika pampu kwa mara ya kwanza. Na kila jioni ya miaka ile yote alikuwa ametajwa.

Mzee wa jirani alikuwa hajamaliza. Maneno mengine yalikuwa yamefika.

"Noémie anauliza: nani aliita Kabeya muchana? Kwake bote beko. Hawakukula, banatafuta nani amepotea."

Florent alimwangalia Marceline. "Jibu weye."

Aliweka mikono mdomoni. Mireille alimtangulia, akaruka mbele, mikono kiunoni, na sauti ya kuuzia mikate:

"Muambieni ni Marceline! Marceline wa Kamina iko hapa! Amefunga kamba vibaya!"

Maneno yaliondoka. Mzee aliyasukuma, na mwingine, na mwingine, yakawa madogo, yakazimika mashariki. Vyura waliacha, wakaanza tena. Mwalimu Isaïe alikuwa ameshika kofia yake mbele ya kifua.

Yalirudi polepole, na kwa kila nyumba yaliyopitia mtu alisikika akicheka, hata mzee wa jirani alipoyapokea ilibidi ameze mate kwanza.

"Noémie anauliza: ungali unakoroma?"

Marceline alipiga kelele ambayo haikuwa kicheko wala kilio. Mireille hakungoja aulizwe.

"Anakoroma! Mu treni hatukulala!"

Ziwa lote liliyapokea hayo. Lilicheka nyumba kwa nyumba mpaka mwisho. Na kabla watu hawajaingia ndani, maneno ya mwisho yakafika, na safari hii mzee wa jirani aliyasema taratibu, kama mtu anayekabidhi kitu kinachoweza kuvunjika:

"Noémie anasema: basi akorome kwa nguvu. Nisikie huku."

Alfajiri balinyere iliwasha injini. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya maji, mashariki hapakuonekana. Mireille alimshika mkono.

"Mama, baki. Mipira weye uko nayo, sauti uko nayo. Papa Urbain atakamata njaa kidogo, hatakufa."

"Nilimuambia nitarudia na ile treni."

"Ataelewa."

"Njo ile hataelewa," alisema Marceline, akapanda.

Sikuweza kujizuia kumuuliza kama anajuta. Alizungusha mpira ndani ya beseni kwanza. "Ningebaki, ningekuwa namuona Noémie na namufikiri Urbain. Nimerudia, namuona Urbain na namufikiri Noémie. Mutu aliyezaliwa pa maji na akaolewa pa udongo, iko mutu wa namna gani? Iko mutu wa kufikiri."

Urbain alimpokea kituoni na fimbo yake. Hakumkumbatia, si mtu wa hayo mbele za watu. Alimwangalia juu mpaka chini, akasema: "Umerudia kweli?"

"Nilikuambia nini?"

"Uliniambia. Lakini miaka yote hii niliogopa nikikuacha ufike ku maji, maji itakubakisha. Njo maana sikukuambiaka siku hata moja: enda." Alikohoa. "Nilikuwa mubaya."

"Ulijaza mipira," alisema Marceline.

Ni Urbain aliyeuleta ule mpira wa trekta. Aliuomba kwa dereva mmoja wa shamba, akaukokota mwenyewe na mguu ule. Mkubwa, kwa kuwa yeye hajui kuogelea na anataka kukaa na fimbo yake. Kiangazi kijacho wanakwenda wawili. Safari hii hawaendi na kwaya, na hawatalala kwa Florent: watamwomba awakatishe ziwa siku ya kwanza, kabla ya upepo kuamka, moja kwa moja mpaka kwa Kabeya, popote Kabeya atakapokuwa. Mwalimu Isaïe ameahidi kukaa kibandani siku hizo.

"Hajue kubandika kiraka," anasema Urbain.

"Atawaimbia," anasema Marceline. "Bangoje."

Habari za mipango zimekwisha kwenda na wauza samaki. Jibu limekuja ndani ya kapu: samaki tu, lakini wengi kuliko siku zote.

Kibanda kinafungwa jua likiingia. Wanakula, wanafunika moto, wanalala mapema kama watu wa ziwani, jambo ambalo majirani wao wanaliona la ajabu. Kabla ya kufunga mlango Marceline anasimama kizingitini, akiangalia upande wa reli, na kusema bila kupaza sauti: "Urbain iko. Marceline iko. Na Noémie, wa ku maji. *Tudi pano.*"

Urbain, kutoka kitandani, ndiye anayeitikia. Hakuna nyumba nyingine ya Kamina inayojua.

Mkewe ndiye anayesinzia kwanza, kwa uchovu wa kuinama mchana kutwa. Mara anaanza kukoroma. Zamani Urbain alikuwa akimsukuma kwa kiwiko ageuke upande.

"Sasa namuacha," ananiambia. "Akorome. Nasikiliza mupaka nachoka, nafikiri pengine upepo inaenda upande ule."

Na akishafikiri hivyo, naye analala.